Kiti cha Pweza na Riziki Yake

Maji ya bahari yapwapo, watoto wa pwani huokota kiti cha pweza, wakamwanika juani awe pambo. Je, twamjua huyu wanayemwua?

Mnyama huyu hana kichwa wala ubongo. Kinywa chake ki chini, katikati ya mikono mitano. Chini ya mikono ana miguu midogo mamia, laini, iliyojaa maji ya bahari. Kwa hiyo hutambaa na kushika.

Aina nyingine hula chaza. Humkumbatia, akamvuta bila kuchoka, hata magamba yaachane kidogo, kama unene wa ukucha. Ndipo hutoa tumbo lake kinywani, akalipenyeza ndani, akamyeyusha chaza katika nyumba yake mwenyewe. Akiba ya chakula huiweka mikononi. Akikosa riziki, huishi kwa akiba hiyo siku nyingi.

Pumzi yake huipata majini, akikaushwa hufa. Basi, wazazi na waalimu, tuwafundishe watoto kumtazama, kisha wamrudishe baharini. Yeye amlishaye kiumbe asiye na kichwa, hatatusahau sisi.