Matairi ya Baridi: Pesa Iende Wapi Kwanza

Nunua gari la mtumba Ottawa mwezi wa nane, jua likiwaka, uone muuzaji atakavyokuzungusha. Atakuonyesha viti vyenye joto na kamera ya nyuma. Akigundua ndiyo kwanza umehamia Kanada kutoka nchi ya joto, atakupeleka moja kwa moja kwenye gari kubwa linalovuta kwa magurudumu yote manne, akiapa kwamba theluji hailiwezi. Bei yake inaipita ya sedani ya umri uleule kwa dola elfu kadhaa. Matairi hayatajwi kabisa, ilhali Januari ndiyo yatakayoamua kama unasimama kwenye mstari wa taa nyekundu au katikati ya makutano.

Magurudumu manne yakivuta, gari huondoka kwa urahisi na hupanda kilima chenye theluji bila kuserereka. Hapo muuzaji hajadanganya. Ila kusimama ni kazi ya breki, na hata kisedani cha bei ya chini tayari kina breki kwenye magurudumu yote manne. Gari likishaanza kuteleza, linaloshika barabara ni mpira tu, na kila tairi linagusa chini kwa eneo linalokaribia kiganja cha mkono. Gari kubwa lina uzito zaidi wa kuzuia. Kibaya zaidi, kwa kuwa liliondoka bila shida, dereva wake hujiamini akakanyaga mafuta. Ndiyo maana nasema aliye na bajeti ndogo achukue sedani, ile tofauti ya bei aipeleke kwenye matairi. Hata nusu yake haitaisha.

Dukani utakuta aina tatu, na majina yake yamekaa vibaya. Yanayoitwa ya misimu yote ndiyo karibu kila gari hutoka nayo kiwandani, na msimu yasiouweza ni huu wa baridi. Nyuzijoto zikishuka chini ya 7 hivi, mpira wake huanza kukakamaa na kupoteza mshiko hata kwenye lami kavu. Ubavuni yana herufi M+S, yaani tope na theluji, lakini herufi hizo hutolewa kwa kuangalia umbo la kashata tu, bila tairi kujaribiwa barabarani. Alama ya kutafuta ni mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo hupatikana kwa jaribio, na tairi la baridi, ndiyo aina ya pili, lazima liwe nayo.

Aina ya tatu ni ya hali zote za hewa. Nayo ina alama ya mlima, na hukaa garini mwaka mzima. Hapo wengi huuliza: kama alama ni moja, kwa nini niongeze pesa ya seti ya pili? Kwa sababu jaribio la alama hiyo ni la kuvuta kwenye theluji iliyoshindiliwa, halisemi lolote kuhusu kusimama juu ya barafu tupu. Tairi la baridi lenyewe lina mpira laini zaidi, na kashata zake zimechanjwa mikato mingi myembamba ambayo kingo zake huuma barafu. Barafu mbaya kuliko zote, kinyume na wengi wanavyodhani, si ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Ni ile ya karibu na sifuri, yenye utando wa maji juu yake. Asubuhi ya namna hiyo ndipo utaona tofauti ya aina hizi mbili.

Sheria nayo inategemea upande unaoishi wa mto unaogawa Ontario na Quebec. Ottawa iko Ontario, ambako tairi la baridi ni hiari yako. Vuka daraja uingie Gatineau, uko Quebec, na kila gari dogo lililosajiliwa huko lazima livae matairi yenye alama ya mlima au yenye misumari kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Ukikamatwa bila hayo, faini ni dola 200 hadi 300. Upande wa Ontario wanatumia bima: tangu 2016 kampuni za bima zinatakiwa kumpunguzia malipo mwenye matairi ya baridi. Punguzo ni dogo, asilimia chache tu, na mara nyingi halikujii lenyewe. Piga simu, taja matairi, omba, kisha tunza risiti. Misumari isahau kama unaishi Ottawa, maana Ontario huiruhusu kwa wakazi wa kaskazini ya jimbo tu.

Sasa hesabu. Chukua sedani yenye tairi za 205/55R16, saizi iliyozoeleka kwenye Corolla na Civic. Bei ninazotumia ni za kukadiria, nawe zijaze upya kwa bei utakazopewa. Tuseme tairi la baridi la daraja la kati ni dola 150, manne ni 600. Kila Novemba na kila Aprili utabadilisha. Bila rimu za ziada, fundi anang'oa tairi kwenye rimu, anavalisha jingine na kufanya balansi: weka dola 120 kwa safari moja, 240 kwa mwaka. Ukinunua rimu nne za chuma kwa dola 400, kazi inabaki kufungua na kufunga nati, tuseme dola 80 kwa safari. Kwa hesabu hiyo rimu zinarudisha pesa yake baada ya miaka mitano, si haraka kama wauzaji wanavyodai. Lakini ukiwa na jeki, spana na mahali pa kuegesha tambarare, kazi unaifanya mwenyewe, na rimu zinajilipa baridi ya pili inapokwisha.

Bei hizo zote ni kabla ya kodi. Ontario utaongeza asilimia 13, Quebec karibu 15. Anayekaa ghorofani bila stoo ana gharama nyingine, ya kulipia mahali pa kuweka seti iliyo likizo, na hiyo ni kila msimu. Hapo ndipo tairi la hali zote za hewa linaposhinda kwa bei: manne kwa dola 180 ni 720, unalipa kuvalishwa mara moja, basi. Kweli, hayo huisha mapema kwa kuwa hayapumziki, wakati mwenye seti mbili kila seti hukaa nusu ya mwaka bila kulika. Bado huyo wa ghorofani atakuwa amelipa pungufu kwa hali zote za hewa, na sioni haja ya kumficha.

Linalonifanya nigawanye ushauri ni saa ya kutoka nyumbani. Kama unaanza safari saa tatu asubuhi, barabara za mjini zimeshapitiwa na magari ya kusukuma theluji na ya chumvi, nunua hali zote za hewa ulale usingizi. Kama zamu yako ya ghalani au hospitalini inaanza saa kumi na mbili, unatoka kabla ya barabara kusafishwa, au unakimbia barabara kuu ya 417 kila siku, lipa ile tofauti uchukue ya baridi kamili. Chumvi yenyewe hupungua nguvu baridi ikipita nyuzi 10 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo usiitegemee sana Januari.

Kununua mawili tu uyafunge mbele, kwenye magurudumu yanayovuta gari, ni akiba mbaya. Mbele pakishika na nyuma pakateleza, kwenye kona gari hujigeuza.

Mitumba inafaa ukijua kusoma. Ubavuni, mwishoni mwa msimbo unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mpira ukizeeka hukakamaa hata kama kashata bado ndefu. Pima kina pia. Idara ya uchukuzi ya Kanada inashauri tairi lililobaki na chini ya milimita 4 lisitumike kwenye theluji, kwa hiyo seti ya milimita 5 kwa nusu ya bei ni ya baridi moja tu, pengine mbili. Gawa bei kwa idadi ya baridi zilizobaki, halafu linganisha na mpya.

Fanya hayo yote kabla ya mwisho wa Oktoba. Theluji ya kwanza ikishaanguka gereji hujaa, foleni hufika wiki mbili, na saizi za kawaida ndizo huisha mapema.