Amplifaya ya Gitaa kwa Mwenye Fedha Kidogo

Ndugu msomaji, huenda siku moja ukapata ujumbe kutoka kwenu milimani. Tuseme kwenu ni Mlalo, au Mtae, au Bumbuli, au kijiji kingine chochote cha Usambara unachokifikia kwa kuipanda barabara ile ya kona nyingi itokayo Mombo; nawe umeajiriwa Tanga mjini au Dar es Salaam. Anayekupigia simu ni mdogo wako. "Shikamoo kaka," anaanza, na baada ya kuwajulia hali shemeji na watoto, anaingia katika shauri lenyewe. Vijana wa kwaya wamepata gitaa la umeme, na kwa misimu miwili wamekuwa wakiweka akiba kutokana na kabichi, karoti na viazi vya shamba lao la pamoja. Sasa wanataka amplifaya. "Wewe uko mjini, kaka, unavijua vitu hivi. Tunakutumia fedha, utuchagulie."

Fedha hizo ni amana. Kila shilingi imetoka mgongoni mwa mtu aliyeteremsha gunia mlimani alfajiri, ukungu ukiwa bado umetanda. Ukinunua kitu kisichofaa, muuzaji hatakirudisha kwa urahisi, gitaa litatundikwa ukutani, na vijana watajifunza kwamba kuchanga ni kupoteza. Kwa hiyo yafaa ulifikirie jambo hili kabla hujaingia dukani.

Zamani mzigo wa namna hii haukumwangukia mtu mmoja. Bendi nyingi za dansi nchini zilikuwa chini ya vyama na mashirika. NUTA Jazz, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Mpigaji alivikuta vyombo ukumbini, na siku alipohamia bendi nyingine aliviacha palepale. Siku hizi vijana wengi hujinunulia wenyewe, tena kwa fedha ndogo, na aghalabu hawana mtu wa kuwaongoza.

ULIZA MASWALI MATATU

Kabla ya kutazama bei, mpigie mdogo wako umuulize maswali matatu. La kwanza: umeme wa hapo ukoje? Je, taa hufifia ifikapo saa mbili usiku, watu wote wanapowasha? Au hakuna umeme kabisa, ila betri na mitambo ya jua? La pili: gitaa litapigwa wapi? Chumba cha mazoezi, kanisa la watu mia mbili, au uwanja wa wazi? La tatu: chombo kikiharibika, nani atakitengeneza?

Majibu ya maswali haya yana thamani kuliko jina lililoandikwa kwa herufi za fedha usoni mwa amplifaya. Chombo kizuri kwa mpigaji wa London chaweza kuwa taabu tupu kwa kwaya ya Mtae.

WATI SI KILA KITU

Muuzaji atakutajia wati kwanza. Atakuambia hii ni wati 50, ile ni wati 100, nawe utadhani ya pili ina sauti maradufu ya ile ya kwanza. Sivyo. Sikio la binadamu halihesabu hivyo. Ukiongeza wati mara mbili, sikio husikia ongezeko dogo tu. Ili sauti isikike kuwa kubwa maradufu yapata wati mara kumi. Maana yake ni kwamba mwenye wati 30 hajaachwa mbali na mwenye wati 60, ingawa bei zaweza kuachana sana.

Kinachosahauliwa ni spika. Spika mbili zilizopewa umeme sawa zaweza kutoa sauti tofauti kabisa, kwa kuwa moja hugeuza umeme kuwa sauti vizuri zaidi kuliko nyingine. Spika bora ya inchi 12 katika sanduku imara yaweza kuipiku amplifaya yenye wati nyingi iliyotiwa spika hafifu ya inchi 8. Kwa mwanafunzi anayejifunzia nyumbani, wati 10 au 15 zinamtosha, na majirani watamshukuru. Kwa kwaya yenye ngoma na kinanda katika kanisa la kiasi, tafuta wati 30 hadi 50 na spika ya inchi 12. Uwanjani, amplifaya hiyohiyo huwekewa maikrofoni mbele yake, na vyombo vikubwa vya matangazo vikabeba kazi iliyobaki.

Kumbuka pia muziki wenyewe unataka nini. Wapigaji wa roki wa Ulaya na Marekani hupenda sauti ya gitaa iliyokwaruza, na amplifaya nyingi hujazwa vitufe vya kuitengeneza. Lakini sikiliza santuri za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, zilizosikika redioni katika miaka ya 1960 na 1970. Magitaa yanajibizana, na kila uzi unasikika peke yake, safi kama maji ya mtoni. Kwaya zetu nazo hupiga hivyo. Basi usilipie vitufe ambavyo hakuna atakayevigusa. Lipia sauti safi isiyopasuka inapoongezwa.

VALVU AU TRANSISTA?

Utasikia wajuzi wakisifu amplifaya za valvu, zile zenye taa za kioo ndani. Sifa hiyo ni ya haki. Vox AC30 ya Uingereza, iliyotumiwa na Beatles katika miaka ya 1960, ni ya valvu, na wati zake ni 30 tu. Hata hivyo chombo cha namna hiyo kina uzito wa kilo thelathini na ushee, kioo chake hakipendi mashimo ya barabara, na valvu zikifa hutazipata katika duka la kijijini. Tena ndani yake mna umeme wa mamia ya volti unaoweza kubaki hata baada ya plagi kuchomolewa, hivyo si kitu cha kufunguliwa na mtu asiyejua.

Kwa mwenye fedha kidogo, na hasa kwa safari ya milimani, transista ndiyo chaguo la busara. Ni nyepesi, yavumilia mtikisiko, na fundi wa redio aliye makini anaweza kuifungua akaelewa anachokiona.

Kama kijiji hakina umeme, ziko amplifaya ndogo zitumiazo betri kavu. Si uvumbuzi wa jana: Pignose ya Marekani, yenye wati 5 na betri sita, ilianza kuuzwa mwaka 1973. Hiyo yatosha kusindikiza waimbaji wachache sebuleni au chini ya mti. Usiitarajie ijaze kanisa.

MPYA AU ILIYOTUMIKA?

Fedha zikiwa kidogo, kilichotumika chaweza kuwa bora kuliko kipya cha hali ya chini, ila kinahitaji macho. Geuza chombo usome nyuma yake. Umeme wetu ni wa volti 230. Chombo kilichotengenezewa Japani huandikwa volti 100, na cha Marekani volti 120. Ukikichomeka hivihivi kitaungua dakika hiyohiyo, na fedha za kabichi zitatoka moshi. Kama hakikuandikwa volti 220 hadi 240, ongeza bei ya transfoma katika hesabu yako, au kiache.

Kisha nenda na mtu anayepiga gitaa, na kama inawezekana nenda na gitaa lenyewe. Mwambie apige bila madoido, vitufe vyote vikiwa katikati. Aongeze sauti hadi kiasi watakachotumia kanisani, msikilize kama inapasuka. Anyamaze, msikilize mngurumo. Kila kitufe kizungushwe polepole; kikikwaruza sana kina vumbi au kimechakaa. Waya utikiswe kidogo mahali unapoingia. Sauti ikikatika, tundu limelegea. Tazama karatasi ya spika isiwe imechanika. Mwishowe kiache kikiwaka nusu saa. Ubovu mwingi hujificha chombo kikiwa baridi, na muuzaji mwaminifu hatachukia kungojwa.

Pana mitego miwili ya kuepuka. Wa kwanza ni kulichomeka gitaa katika redio ya nyumbani ili kuokoa fedha. Umeme utokao kwenye gitaa ni dhaifu, na tundu la redio halikutengenezwa kuupokea. Sauti hutoka imefifia kama mtu asemaye ndani ya blanketi, na ukilazimisha kuikuza, spika za redio huumia. Mtego wa pili ni kulipigia gitaa la besi katika amplifaya ileile ya gitaa la kawaida. Litasikika siku chache, kisha spika itapasuka. Besi ina amplifaya yake.

PLAGI YA MIGUU MITATU

Ndugu msomaji, hapa naomba uwe makini kuliko mahali pengine pote. Tarehe 3 Mei, 1972, mpigaji gitaa Les Harvey wa kundi la Stone the Crows alikuwa jukwaani mjini Swansea, Uingereza. Aligusa maikrofoni ambayo haikuwa na waya wa ardhi, ilhali ameshika gitaa lake. Umeme ulimuua mbele ya watazamaji.

Jambo hilo hutokeaje? Nyuzi za gitaa zimeunganishwa, kupitia waya wake, na bati la amplifaya. Maikrofoni nayo imeunganishwa na bati la chombo kingine. Kimoja kikivujisha umeme na hakina waya wa ardhi, mtu mwenye mkono kwenye nyuzi na mdomo kwenye maikrofoni anakuwa yeye ndiye njia ya umeme. Fikiria sasa sakafu ya saruji yenye unyevu wakati wa masika, na mwimbaji aliyevua viatu.

Kwa hiyo usikate kamwe mguu wa tatu wa plagi ili iingie katika soketi ya miguu miwili. Amplifaya na vyombo vya maikrofoni vichukue umeme mahali pamoja, penye waya wa ardhi uliopimwa na fundi umeme mwenye leseni. Naye aulizwe juu ya swichi ile inayokata umeme mara unapovuja. Mpigaji akihisi mtekenyo midomoni, vyombo vizimwe papo hapo, wimbo ukatike. Wimbo utaimbwa tena.

IGAWE FEDHA KABLA YA KUITUMIA

Makosa ya wengi ni kuzimaliza fedha zote kwa amplifaya. Zigawe mafungu kumi. Sita yawe ya amplifaya yenyewe. Mawili yawe ya umeme: fundi, waya wa kuongezea wenye ardhi, na stabilaiza kama taa hufifia jioni. Moja liwe la waya mzuri wa gitaa, kwani waya mbovu huharibu sauti ya chombo kizuri. Na la mwisho liwe la nauli, kifuniko cha turubai na fyuzi za akiba. Muuzaji akikuonyesha amplifaya inayokula mafungu tisa, mshukuru uendelee na safari yako.

Kisha fikiria njia. Lushoto mjini ni kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingine viko juu zaidi. Chombo kilichopandishwa kutoka joto la Mombo hadi kwenye ukungu, au kilichotolewa katika stoo ya baridi kikaingizwa ndani ya ukumbi uliojaa watu, huweza kutoa jasho ndani yake kama kioo cha dirisha. Kiache kipumzike saa moja au mbili, kikauke, ndipo kiwashwe. Kisihifadhiwe sakafuni; kiwekwe juu ya ubao, kimefunikwa.

Siku utakapokipeleka, usikikabidhi kwa mdogo wako uani na kuishia hapo. Waite vijana wote waliochanga. Wasomee bei ya kila kitu, uwape stakabadhi, na kilichobaki ukirudishe hadharani, hata kikiwa ni nauli ya kwenda Soni tu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Chagueni pamoja mtu mmoja wa kukitunza chombo na mwingine wa kuandika kinapoazimwa.

Kisha mpe nafasi mpigaji achomeke waya, wewe ukae kiti cha nyuma kabisa cha kanisa. Ukizisikia nyuzi zote sita hapo ulipo, na bado ukayasikia maneno ya waimbaji, amana umeifikisha.