Ukuukuu wa Kamba: Mkwezi, Kamba Yake na Methali Yetu

Utangulizi

Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Ni wanafunzi wachache wa Kiswahili ambao hawajawahi kuifafanua methali hii katika karatasi ya mtihani. Mimi nilikumbushwa mwaka jana, si darasani bali chini ya mjakaranda. Mzee mmoja aliyeajiriwa kupogoa miti katika taasisi fulani alikuwa akijifunga kiunoni kamba ya nailoni iliyofifia rangi. Nilipomuuliza, “Mzee, hii kamba haijachoka?” alicheka akanijibu, “Mwanangu, ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.” Kisha akakwea. Haikupita nusu saa, uzi mmoja kati ya nyuzi tatu za kamba ile ukakatika pale ilipokuwa ikisuguana na panda ya mti. Mungu si Athumani, aliukumbatia mti na kuteremshwa kwa ngazi, kifua kikiwa kimechubuka.

Makala haya yananuia kueleza jinsi wakwezi wa kitaalamu wanavyochagua na kutumia kamba, na kuonyesha kwamba methali yetu haikukosea. Tuliokosea ni sisi tulioifasiri kwa pupa.

Aina za kamba

Tuanze na methali yenyewe. Ukambaa ni utepe uliosukwa kwa majani kama vile ukindu. Kamba husokotwa. Pwani, makumbi ya nazi hufukiwa katika matope ya ufuoni kwa miezi kadhaa, kisha hupondwa hadi zipatikane nyuzi za usumba ambazo husokotwa kuwa kamba. Kwa hivyo, methali hailinganishi uzee na upya tu. Inalinganisha vitu viwili vilivyoundwa kwa njia tofauti, na hilo ndilo swali la kwanza la mkwezi: kamba hii imeundwa kwa nini, na imeundwaje?

Kamba za usumba na katani zina manufaa yake, lakini huoza zikilowa, na nguvu zake hazitabiriki. Ndiyo maana wakwezi wa kitaalamu hutumia nailoni na poliesta. Nailoni hunyumbuka sana na hupungua nguvu kiasi inapolowa. Poliesta hainyumbuki sana wala hainywi maji mengi, hivyo hupendwa kwa kazi ya mitini. Polipropilini, ile kamba nyepesi ya bei nafuu inayoelea majini, haifai kumbeba mtu, kwani hudhoofishwa upesi na jua na huyeyuka kwa joto dogo kuliko zile mbili.

Kuhusu umbo, zipo kamba zilizosokotwa kwa nyuzi tatu na zilizosukwa kwa nyuzi nyingi, kwa mfano 16 au 24. Nyingine zina kiini ndani na ala nje. Kiini hubeba sehemu kubwa ya uzito, nayo ala hukilinda dhidi ya msuguano. Kamba ya mkwezi aghalabu huwa na unene wa milimita 11 hadi 13. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 1891 hudai kwamba kamba ya kiini na ala ya daraja A ihimili angalau kilonyutoni 22, yaani takriban uzito wa kilo 2,200. Kiwango hicho hicho hudai kamba isirefuke kwa zaidi ya asilimia 5 mzigo unapoongezwa kutoka kilo 50 hadi 150.

Msomaji huenda akauliza: mtu wa kilo 80 anahitaji nguvu zote hizo za nini? Jibu ni kwamba kila fundo hupunguza nguvu ya kamba, mara nyingi kwa robo au theluthi, na hata zaidi. Ongeza jua, mchanga, msuguano na mtikisiko wa ghafla. Aidha, kwa kuwa kamba hii hainyumbuki sana, haikuundwa kumdaka mtu anayeporomoka kutoka mbali. Mkwezi hulazimika kuhakikisha kwamba kamba iliyo juu yake hailegei wakati wowote.

Mbinu za kukwea

Mkwea minazi hupanda kwa vikato vilivyochongwa shinani au kwa kitanzi cha miguuni, naye huutegemea mwili wake. Mkwezi wa kitaalamu huitegemea kamba. Kwanza hurusha juu ya tawi imara uzi mwembamba wenye kifuko kizito, kisha hutumia uzi huo kuvutia kamba. Kabla ya kupanda, watu wawili huning’inia pamoja kulijaribu tawi.

Mbinu kuu ni mbili. Ya kwanza ni ya kamba inayosogea. Kamba hupita juu ya tawi na pande zake zote mbili humrudia mkwezi. Kila upande hubeba takriban nusu ya uzito wake, lakini ili apande mita 1 huhitaji kuvuta mita 2 za kamba. Kwa kuwa kamba hukimbia juu ya tawi, hupitishwa katika mkanda wenye pete ili isijikwaruze wala kulichubua gome. Mzee wetu hakuwa na mkanda huo.

Ya pili ni ya kamba isiyosogea. Mkwezi hupanda upande mmoja tu, nao upande wa pili hufungwa tawini au shinani. Mbinu hii haichoshi sana katika miti mirefu. Hata hivyo, kamba ikifungwa shinani, tawi hubeba takriban maradufu ya uzito wa mkwezi. Asiyelijua hilo huenda akaliamini tawi lisilomstahili.

Katika mbinu zote mbili, roho ya mkwezi hushikiliwa na fundo la kubana, ambalo huteleza likiwa halina mzigo na kuuma kamba likivutwa. Mojawapo hujulikana kwa jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931. Fundo hili hufungwa kwa kamba nyembamba kuliko ile kuu, nalo huhitaji kushuka polepole, kwani kasi huzaa joto, na joto huyeyusha nyuzi. Tena, anayetumia msumeno mtini hujifunga mahali pawili, ili kamba moja ikikatwa ibaki nyingine.

Umri wa kamba

Kabla ya kila kazi, mkwezi huipitisha kamba yote vidoleni, akitafuta uvimbe, ulaini usio wa kawaida, nyuzi zilizokatika au mahali palipong’aa kwa kuungua. Kamba haikanyagwi, kwa sababu mchanga huingia ndani na kukata nyuzi kimyakimya. Huoshwa kwa maji safi na kukaushwa kivulini, na huwekwa mbali na asidi ya betri. Kamba ya kuteremshia magogo haimbebi mtu kamwe. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 1998 kuhusu vifaa vya kunyanyulia hutaka vile vya kubeba watu vikaguliwe kila miezi 6. Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtwika mwajiri jukumu la kumlinda mfanyakazi wake.

Hitimisho

Methali yetu husema kwamba kilichoundwa vyema hakilingani na kilichoundwa vibaya, hata hiki kikiwa kipya. Haisemi kwamba kamba haizeeki. Aliyeisokota kwa mkono wake alijua itakatika lini.

Hapa ndipo tunapoingia sisi wanafunzi na wahadhiri. Maelezo ya matumizi niliyoyakuta yameambatishwa kwenye kamba dukani yalikuwa ya Kiingereza, nayo hayamsaidii mzee yule. Ametuomba Kiswahili akatujibu kwa Kiswahili, na hatukuwa na la kumpa ila methali. Maneno tunayo: kiini, ala, panda, kitanzi, fundo la kubana. Yaliyobaki ni kuyakusanya, kuyasanifisha na kuyafikisha chini ya mti, kabla mwingine hajakwea.