Unataka Kutembea Ulaya? Soma Hii Kabla Hujapeleka Doh Yako Muthangari

Ukipita Parkfield Place, pale Muthangari Drive karibu na Waiyaki Way, unaweza kupata wasee wamebeba mafaili utadhani wanaenda kortini. Hapo ndipo VFS Global imekuwa ikipokea maombi ya visa za nchi kadhaa za Ulaya. Shida ni kwamba visa ikikataliwa, ada hairudi. Basi kabla uanze kuota picha za Roma, jua haya:

1. Visa moja, nchi 29
Visa ya Schengen inakuingiza Ufaransa, Italia, Uholanzi, Ujerumani na nyingine nyingi. Uingereza na Ireland hazimo, hizo zina visa zao. Unaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180, si zaidi.

2. Omba kwa nchi inayofaa
Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, unaomba kwa ile utaingia kwanza. Kuna wasee hukimbilia ubalozi walioambiwa na marafiki "ni rahisi", kumbe hoteli zao zote ziko Paris. Hapo umejichoma mwenyewe.

3. Andaa mkwanja
Tangu Juni 11, 2024, mtu mzima analipa euro 90, kutoka 80. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Ongeza ada ya huduma ya kituo.

4. Karatasi zisikuangushe
Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, isiwe na zaidi ya miaka 10 tangu itolewe, na ibaki na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Bima ya safari ni lazima, na ifike euro 30,000.

Taarifa ya benki ndiyo huumiza wengi. Ukikopa laki tatu kwa chama uziweke kwa akaunti wiki moja kabla, wataona. Wanaangalia doh inaingiaje na kutoka kila mwezi, na kama inalingana na kazi uliyosema unafanya. Wanachotaka kujua ni kama utarudi home: kazi, biashara, shule ama familia inayokungoja.

5. Usingoje dakika ya mwisho
Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na usipitishe siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15, lakini linaweza kufika 45. Ukingoja Desemba ifike ndio uanze kutafuta miadi, utasherehekea Krismasi ushago.

6. Epuka "connection"
Kituo kinapokea karatasi na alama za vidole tu. Anayeamua ni ubalozi. Kwa hivyo msee akikuambia ana mtu wake ndani wa kukupitisha, jua anakula pesa yako. Karatasi feki ikishikwa, itakuandama hata ukiomba tena.

Na ukikataliwa? Utapewa barua yenye sababu. Isome polepole. Unaweza kukata rufaa, ama urekebishe kilichokosekana kisha uombe upya. Kurudisha faili lile lile ni kuchoma euro 90 zingine.