Surua na Mizani ya Mzazi

Mzazi asitaye kumpeleka mwanawe kuchanjwa yafaa apewe hoja, si karipio. Hofu yake ina chanzo: siku 7 hadi 12 baada ya chanjo ya surua, baadhi ya watoto hupata homa ya siku moja au mbili. Katika upande wa pili wa mizani, surua yenyewe huwapata watu wapatao 9 katika kila 10 wasio na kinga walio karibu na mgonjwa, nayo huweza kuleta upofu au uvimbe wa ubongo.

Mwanafunzi atauliza: mbona Tanzania na Kenya husubiri mtoto atimize miezi 9? Mtoto huzaliwa na kingamwili alizopata kwa mama yake angali tumboni. Hizo huvizima virusi vilivyodhoofishwa vya chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza kuvitambua. Zikipungua, chanjo hushika. Hata hivyo, watoto wapatao 15 katika 100 hawapati kinga kwa dozi hiyo, ndiyo sababu ya dozi ya pili katika mwezi wa 18 (ambayo husahauliwa upesi, maana mtoto tayari anakimbia uani). Mchanga wa miezi 6, ambaye kinga ya mama imekwisha kufifia na zamu yake haijafika, hulindwa na chanjo waliyopata watoto wa jirani.