Punguza Mafuta Mwilini, Usipoteze Misuli

Wakazi wanaotaka kupunguza uzani wanashauriwa wasijinyime chakula. Mwili wenye njaa huchoma mafuta, lakini pia hula misuli. Misuli ikipungua, nguvu za kazi hushuka, na wazee huanguka kwa urahisi.

Kinachofaa kupunguzwa ni ugali na chapati, mafuta ya kupikia na sukari kwenye chai. Maharagwe, ndengu, omena, mayai au maziwa visikose katika mlo, kwani hujenga misuli. Mazoezi ya nguvu, kama vile kuchuchumaa na kuinuka au kuinua mtungi wa maji, yafanywe angalau siku 2 kwa wiki. Kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha.

Wajawazito na wenye kisukari, presha au ugonjwa wa figo wamwone kwanza mhudumu wa afya katika zahanati iliyo karibu.