Usalama na Afya: Kidonge Nacho Kina Koti la Kazi



Hapa Kalemie tunaona mara nyingi jambo hili: baba anarudi kazini na maumivu ya mgongo, mama anasaga kidonge kati ya vijiko viwili na kukitia katika maji ili kifanye kazi upesi. Nia ni njema, lakini kwa vidonge vingine ni hatari. Sababu ni hii.

Ndani ya tumbo mna asidi, kali kama maji ya ndimu au zaidi. Asidi hiyo husaidia kulainisha chakula na kuua vijidudu. Lakini huharibu dawa nyingine, kama omeprazole, kabla haijafika mahali pake. Na ziko dawa, kama diclofenac, ambazo zenyewe huumiza tumbo.

Ndiyo maana mafundi wa dawa hukivika kidonge koti jembamba lisiloyeyuka penye asidi kali. Kidonge kikipita tumboni na kuingia katika utumbo mwembamba, ambako asidi imepungua sana, koti linayeyuka na dawa inatoka. Mwaka 1884 mganga Paul Gerson Unna wa Hamburg, Ujerumani, alitumia keratini, kitu kilichomo katika pembe na kwato. Siku hizi koti hutengenezwa kiwandani, nalo hupimwa: kidonge hukaa saa 2 katika asidi bila kupasuka, kisha katika maji yanayofanana na ya utumbo kiyeyuke kwa saa 1.

Kukisaga ni kukivua koti mapema, kama mfanyakazi anayevua kofia yake ndani ya shimo.

Basi tushike haya:

1. Ukiona kwenye sanduku neno « gastro-résistant » au « LP », meza kidonge kizima kwa maji. Cha « LP » hutoa dawa polepole. Kikisagwa, dawa yote huingia mwilini mara moja.

2. Usikimeze wakati mmoja na dawa ya kupunguza asidi. Koti laweza kuyeyuka mapema.

3. Mtoto au mzee asiyeweza kumeza, mwambie mganga atafute dawa nyingine.

4. Koti si kinga kamili. Diclofenac huweza kudhuru tumbo hata kwa njia ya damu. Mwenye kidonda cha tumbo asiinywe bila ruhusa ya mganga. Choo kikiwa cheusi kama lami, au mtu akitapika damu, apelekwe hospitali mara moja.

Ukiwa na shaka, njoo na sanduku la dawa. Kuuliza si aibu.